Amplifaya ya Babu Zebedayo

Kwa heshima yote inayomstahili mzee wa kanisa, naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba babu yangu hukoroma. Na hakoromi kama watu. Hukoroma kama mtu anayeburuta kabati la mninga juu ya mawe. Akifika mlangoni anapumzika, halafu anakumbuka kuwa kabati lilipaswa kubaki chumbani, analirudisha.

Siku niliyofika Chome kwa likizo ya Juni, kabati lilikuwa barazani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Shengena ukaingia uani bila kubisha hodi. Ulikuwa umefuta choo, umefuta zizi, umebakiza migomba miwili kama ushahidi, na katikati ya weupe huo alikaa Babu Zebedayo kwenye kiti chake cha kuegemea, pembe mapajani, kofia ya sufu imemziba macho. Bibi Beatha alikuwa jikoni akichochea moto.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Shule wamekukondesha. Mume wetu huyo hapo nje, anasubiri jibu."

"Jibu la nani?"

"La Sifael. Anapuliza, hajibiwi. Amekasirika mpaka amelala."

Hapa sina budi kueleza habari ya jibu. Kati ya mlima wetu na mlima wa ng'ambo kuna bonde, na ndani ya bonde kuna ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee wa zamani walilichimba ili maji ya mfereji yalale humo usiku, asubuhi yaamke yaende mashambani. Ndiva ni ya pande zote mbili. Masika yakiisha huwa imejaa tope na majani, na hapo ndipo unapoitwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunaizoa pamoja mpaka maji yapate tena pa kulala.

Lakini msaragambo wetu hauitwi kwa mdomo. Babu hupanda kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba na kupuliza pembe ya tandala. Mzee Sifael, aliyeko ng'ambo, hupanda kwenye jiwe lake na kujibu. Babu akishasikia jibu hupuliza mara ya pili, ya kufunga. Pembe ikishafungwa, mtu asiyeshuka na jembe ana kesi. Isipofungwa, hakuna kazi, hata mwenyekiti wa kijiji atume ujumbe kwenye kundi la simu mpaka vidole vimchubuke. Watu huusoma, huweka alama ya dole gumba, wakabaki nyumbani na makande yao.

Mwaka huu Babu alikuwa amepuliza asubuhi nyingi, na ng'ambo kimya. Maharage yalikuwa yameanza kujikunja majani kama watu wenye baridi. Kanisani watu wa ng'ambo walidai kuwa Mzee Sifael hujibu kila siku. Watu wa upande wetu walicheka, kwa sababu watu wa ng'ambo hudai mambo mengi.

Babu aliamka, akaniona.

"Shikamoo Babu."

"Ee?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Usipige kelele, mimi si kiziwi." Aliifuta pembe kwa mkono wa koti. "Yudith, umekuja wakati mzuri. Uje ujifunze mtu anavyodharauliwa. Sifael tumepokea kipaimara pamoja. Alinisimamia ndoa. Tumepigiana pembe tangu hatujaota ndevu. Leo ananinyamazia! Jumatatu nashuka baraza la kata."

"Utamshtaki kwa kosa gani?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

Babu hakusikia. Nikamrudishia swali kwa sauti ya gwaride.

"Kunyamaza," alijibu.

"Kunyamaza si kosa!"

"Tukimaliza kesi litakuwa kosa."

Sikucheka, maana nilimwona anavyoitazama ng'ambo. Hapakuwa na ng'ambo ya kutazama, ukungu ulikuwa umeichukua. Lakini aliitazama hivyo hivyo, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango.

Kuhusu masikio yake, familia ilikuwa imejaribu. Daktari aliwahi kumshauri avae kile kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, naye akamshauri daktari akivae yeye. Kitu pekee alichokubali kuweka masikioni ni hedfoni kubwa nyeusi alizoletewa na Baba Mdogo Wilbard, zilizotoka kwenye studio ya Dar es Salaam iliyofungwa. Hizo alizipenda kwa kuwa, alisema, zinamfanya aonekane rubani. Tatizo ni kwamba ukizichomeka kwenye simu zilinong'ona tu. Babu alisema zimeishiwa sauti. Baba Mdogo alisema kwa simu kwamba hedfoni za studio ni kama ng'ombe wa kizungu, hazishibi majani ya kawaida. Zinahitaji amplifaya yake. Tayari alikuwa amekwisha kuelewana na mwenye duka mmoja wa Same, ilibaki mtu wa kwenda kuchagua.

"Atashuka Yudith," Babu aliamua. "Amesoma fizikia. Yudith, chagua yenye nguvu kuliko zote."

Kesho yake asubuhi alipanda jiweni, akapuliza, akashuka, akakaa kwenye kiti kusubiri jibu. Haukupita muda kabati likaanza kutembea. Nami nikafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu na simu yenye chaji angelifanya. Niliiwasha simu irekodi, nikaiweka kwenye ukingo wa baraza karibu na kichwa chake, nikakimbilia jikoni nikaficha uso wangu kwenye kanga ya Bibi ili kicheko changu kisiharibu kazi. Nia yangu ilikuwa njema: mkoromo ule uwe mlio wa simu wa ukoo mzima, kuanzia Chome mpaka kwa ndugu zetu wa Kileo. Niliirudia simu baadaye sana, Babu alipokuwa ameamka na kuanza upya kumlaumu rafiki yake. Nilijaribu kusikiliza kidogo kwa spika ya simu. Kabati lilisikika vizuri, na zaidi ya kabati hapakuwa na kitu.

Siku iliyofuata nilishuka Same na gari la ndizi. Kushuka kutoka Chome ni kama kuamshwa polepole. Kwanza unavua sweta, halafu ukungu unabaki juu nyuma yako kama shuka uliyoitupa kitandani, halafu migomba inaisha, na mwisho unafunguliwa macho kabisa na lile jua la Same na upepo wake unaotembea barabarani na mifuko ya plastiki kana kwamba unatoka sokoni.

Duka lilikuwa karibu na stendi, limejaa sola, redio na nyaya zinazoning'inia kama mizizi. Mwenyewe aliitwa Yunus, kijana mwenye kofia ya kufuma na tabasamu la mtu aliyekwisha kukuuzia kitu.

"Karibu mwanafunzi. Umeshuka na sweta na baridi yako mpaka dukani kwangu."

"Nataka amplifaya ya hedfoni. Yenye nguvu kuliko zote."

"Aa, wewe ndiye wa Wilbard! Ya nani hasa?"

"Ya babu."

"Babu ni DJ?"

"Babu ni mzee wa kanisa. Chome."

"Chome!" Yunus alishika kifua. "Basi tutafute ya bei ya chini kuliko zote. Nguvu mtaiongeza kwa maombi."

"Na wewe si Mpare?"

"Mimi Mpare wa Kisiwani, dada yangu. Sisi jua limetulegeza vidole, mkono unafunguka kidogo. Nyie huko juu baridi imeukunja moja kwa moja." Alizichukua hedfoni, akazigeuza, akazipima uzito. "Hizi mali. Haya, babu anataka kusikia nini?"

"Kila kitu."

"Hiyo sina. Nina ya muziki, nina ya kelele, nina ya maneno. Ya kila kitu anayo Mungu peke yake, naye haiuzi."

Akapanga amplifaya tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, pana kama Biblia ya mimbarini, na maandishi mekundu ya kutisha. Ya pili ilikuwa na vioo viwili vya mviringo vimesimama juu yake kama chemli za wadudu. Yunus alipoichomeka ukutani, ndani ya vioo pakaanza kuiva rangi, polepole, kama kaa linalopulizwa na mtu asiye na haraka. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu. Sitaki kuitukana, lakini niliwahi kufulia sketi kwa kipande cha sabuni kilichokuwa kizuri kuliko hiyo.

"Una kitu cha kupimia?" Yunus aliuliza.

"Ninao muziki wa asili," nilisema, nikachomeka simu yangu.

Ile nyeusi ilianza. Mama yangu! Besi ilipanda kutoka sakafuni. Kabati la mninga lilipita ndani ya kichwa changu na ndugu zake wote, meza, vitanda, na stoo ya kijiji. Nikavua haraka nikampa Yunus. Alisikiliza kwa utulivu wa fundi.

"Trekta," alisema. "Plagi moja imekufa."

"Ni mzee wa kanisa."

Alinitazama, akatazama hedfoni, akainama nyuma ya kaunta. Alikaa huko kwa muda, mabega yakitikisika.

Kisha nikajaribu ile yenye vioo. Nisiwe mwongo: nilishikwa. Sauti iliingia ya moto na laini kama maziwa ya asubuhi. Mkoromo wa Babu ukawa upepo unaozunguka kwenye miti mikubwa ya Shengena, unakwenda mbali, unajuta, unarudi. Nilifumba macho, na ukungu ukaingia dukani. Niliuona ukipita kati ya redio, ukijaza makopo ya skrubu, ukimfuta Yunus kuanzia miguuni. Nilijiona nimekaa bwenini, vioo vile vinawaka kando ya kitanda changu, na hata matroni mwenyewe ameshika fimbo yake mkononi na hajui tena alikuja kumchapa nani. Chini ya yote hayo palikuwa na mvumo mwembamba, kama nyuki aliyejengewa ndani ya ukuta.

"Huo mvumo ni wa nini?"

"Ni umeme. Ni uzuri wake huo. Mwanamke mzuri hakosi manukato."

"Naichukua hii," nilisema, na midomo yangu ikiwa bado kwenye ndoto.

Papo hapo umeme ukakatika.

Feni ilichoka, ikasimama. Barabarani mtu alilaumu shirika zima kwa sentensi moja. Vile vioo vilizimika taratibu, rangi ikirudi ndani kama jua linaloingia nyuma ya mlima, na upepo wa Shengena ukafa masikioni mwangu.

"Huko kwenu mna umeme?" Yunus aliuliza gizani.

"Tuna sola ndogo. Taa tatu na simu."

"Basi ile nyeusi na hii ya vioo zingekuwa mapambo. Jaribu hii ya betri."

Nikakichomeka kipande cha sabuni. Kimya. Nilidhani ni kibovu, nikataka kumwambia. Halafu tone likaanguka. Tone la ukungu kutoka kwenye bati, tap, kwenye ndoo ya Bibi. Kuku alikwaruza mahali fulani upande wangu wa kushoto. Mfuniko wa sufuria uligongana na sufuria jikoni, na nyuma ya mfuniko nikamsikia mtu anayecheka ndani ya kanga, naye nilimfahamu. Kifaa kile hakikuongeza chochote. Kilifungua dirisha tu, halafu kikakaa pembeni.

Babu alikuwa anaburuta kabati lake. Akalifikisha mlangoni. Akapumzika. Na katika lile pumziko, mbali, nyuma ya tone na nyuma ya kuku na nyuma ya bonde zima la weupe, kitu kiliita. Kilikuwa chembamba kama uzi. Kilipanda, kikatetemeka, kikakaa juu kidogo, kikaisha.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Nikampa Yunus.

"Ng'ombe?" aliuliza. "Hapana. Ng'ombe hana huzuni namna hii."

"Ni Mzee Sifael," nilisema. "Anajibu."

Nikaketi kwenye boksi la betri. Ilikuwa wazi mno mpaka iliniudhi. Mzee Sifael hakunyamaza hata siku moja. Alikuwa mzee tu. Alisikia pembe, akatafuta fimbo, akapanda jiwe lake kwa goti bovu, na alipofika juu na kukusanya pumzi ya kujibu, Babu alikuwa amekwisha kulala upande wa pili, na masikio yake yale. Sisi wengine je? Bibi yuko jikoni na sufuria zake. Vijana wote wa mlima wetu saa hiyo wameziba masikio, nusu kwa blanketi, nusu kwa muziki.

Umeme ulirudi. Vioo viwili vikaanza tena kuiva. Nilivitazama jinsi mtu anavyomtazama mchumba wa rafiki yake. Nikapitisha ule wito wa pembe kwenye amplifaya ya vioo: nyuki wa ukutani akaumeza. Nikaupitisha kwenye ile nyeusi: kabati likaukanyaga.

"Aliniambia yenye nguvu kuliko zote," nilimwambia Yunus.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nifungie sabuni."

Yunus aliifunga kwenye gazeti. "Ina swichi ya kupandisha. Usiipandishe yote, utamtoa mzee roho. Na huo muziki wa asili nirushie, nina shemeji wa kumuamshia."

Nilifika Chome Jumamosi jioni, ukungu ukiwa umekaa uani kama mgeni aliyezoea. Babu alifungua gazeti.

"Hii nini?"

"Amplifaya."

"Nilisema yenye nguvu. Hii nikiiacha kisimani watu watafulia."

"Vaa kwanza, Babu."

Akavaa hedfoni zake za rubani. Niliwasha. Uso wake ukakunjamana kwa karaha.

"Nani huyu anayekoroma?"

Bibi aliweka mwiko chini, akaketi, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Tangu tuoane namwambia! Tangu tuoane!"

"Si mimi," Babu alisema. "Mimi nalala kama mtoto." Halafu akainamisha kichwa upande mmoja. Nilijua amefika kwenye lile pumziko. Mkono wake uliinuka kutoka gotini, ukakaa hewani, kama anayetaka kuwaomba watu wa barabarani watulie. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua hedfoni polepole, na kwa muda mfupi sana niliona uso wa kijana asiye na ndevu.

Kisha uso ule ukafungwa.

"Yudith. Umepuliza nini? Bua la mpapai?"

"Babu, sijapuliza kitu!"

"Krismasi, nani aliwika kwenye spika za kanisa katikati ya mahubiri?"

"Jogoo, Babu."

"Jogoo wa nani?"

"Wa… wa simu yangu."

"Basi. Na Sifael huyu ni wa simu yako." Alinirudishia vitu vyote kwa upole ulioniuma kuliko kofi. "Utani mwingine, mjukuu wangu, si wa kumfanyia mtu."

Hapo nilielewa jinsi mtu anavyoweza kubeba ukweli mtupu mikononi na asipate wa kumpokea. Kesho ilikuwa Jumapili, na Babu hapulizi pembe siku ya Bwana. Keshokutwa angeshuka baraza, na mzee akishamshtaki msimamizi wa ndoa yake mbele ya kata, hata ukimletea malaika na kinubi cha ushahidi hatarudi nyuma. Nilikuwa na alfajiri moja tu. Na nilikuwa na jambo moja ninalolijua kuhusu wazee wa Kipare.

"Babu," nilisema, "una shahidi?"

Akageuka. "Shahidi wa nini?"

"Wa kunyamaziwa. Barazani watakuuliza: nani mwingine alisikia kwamba Sifael hakujibu? Utasema nini? Piga pembe Jumatatu alfajiri, kabla hujashuka. Vaa hedfoni, mimi nitaiweka simu isikilize na kukupelekea kila kitu hapo hapo. Akinyamaza, nakuwa shahidi wako."

Babu alifikiri. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini shahidi ni shahidi.

Jumatatu hiyo dunia haikuwepo. Palikuwa na jiwe, Babu juu ya jiwe, mimi, na weupe. Alipuliza. Pembe ilitoka kifuani mwake nene na ya zamani, ikaingia kwenye ukungu, nao ukaifunga nyuma yake kama pazia. Tukakaa tumegusana mabega. Nikamvisha hedfoni, nikawasha kipande cha sabuni, nikapandisha swichi kwa uangalifu wa muuguzi.

"Usilale, Babu. Niambie unasikia nini."

"Nasikia maji."

"Ni mfereji."

"Mfereji uko mbali."

"Ulikuwa mbali."

Akatafakari hilo. "Kuna mtu anasaga kitu."

"Ng'ombe anatafuna. Kule zizini."

"Ee, mbona anatafuna kwa ufundi hivi!" Alifumba macho. Alianza kunong'ona, si kwangu tena, kama mtu anayewasalimia watu mmoja mmoja barazani. Ndege. Ndege mwingine, yule wa huzuni. Jani limeanguka. Mtoto wa jirani hataki kunawa uso. Kisha akanishika mkono.

"Kuna mtu anaimba."

Nilisikiliza kwa masikio yangu ya kawaida, sikupata kitu. "Anaimba nini?"

"Sauti ya pili. Peke yake, bila ya kwanza." Kidole chake kilianza kupiga taratibu juu ya kiganja changu, kikihesabu mapigo ya wimbo nisioujua. "Ni Beatha. Yuko jikoni."

"Bibi huimba kila asubuhi, Babu."

"Nilidhani aliacha," alisema. "Sikutaka kumuuliza kwa nini."

Nikaegemea koti lake lenye harufu ya moshi na sufu. Kidole kilikuwa kinapiga, weupe ulikuwa unapumua, na mimi, mlinzi, shahidi, mwanafunzi wa fizikia niliyepewa kazi moja tu ya kumzuia mzee asilale, nikalala. Niliota ndiva imejaa ukungu badala ya maji. Watu wa pande zote mbili walikuwa wanauchota kwa ndoo, wanaumwagia maharage, na maharage yanachanua maua yanayowaka kama vile vioo vya Same. Mzee Sifael alikuwa anapanda ngazi ndani ya jiwe lake, taratibu, taratibu, na kila alipopanda ngazi moja jiwe lilijiongezea nyingine. Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo.

Hapo ndipo mbingu zilipopasuka.

Kilichotokea nimekipata baadaye kwa mashahidi. Jibu lilikuja. Babu alilisikia lote, kuanzia pumzi ya kwanza mpaka ile mitetemeko ya mwisho. Akanigeukia ili anione ninavyofurahi, akanikuta nimefungua mdomo kama kinda. Akavua hedfoni bila haraka. Akanivisha mimi. Akaisogeza simu mbele ya pembe. Kisha Babu yangu, mzee wa kanisa, akajaza kifua na kupiga pembe ya kufunga.

Sikuisikia pembe ile. Niliishi ndani yake. Bibi anaapa kwamba Babu aliipunguza swichi kwanza. Masikio yangu yana ushahidi tofauti, na yako tayari kwenda baraza la kata.

"Amka, shahidi," Babu alisema. "Sifael amejibu." Alijifuta macho kwa mkono wa koti na kuigeuzia ng'ambo mgongo ili nisimwone. "Ila amechelewa. Kuchelewa pia ni kosa."

Ukungu ulipoanza kuchanika, watu walikuwa wanateremka kutoka pande zote mbili na majembe mabegani, wengine wakiwa bado na usingizi, wakisalimiana kama waliotoka safari. Mzee Sifael alifika ndivani wa mwisho, akiegemea fimbo, suruali imekunjwa juu ya goti lililovimba.

"Zebedayo! Unapuliza, najibu, hufungi! Leo nilikuwa nakuja baraza kukushtaki!"

"Ee?"

"Nasema nakushtaki!"

"Kwa nini unachelewa kujibu?"

"Jiwe limerefuka!"

"Jiwe halirefuki!"

"Basi na masikio hayazeeki!"

Walisimama wakitazamana juu ya tope. Kisha Babu akampa mkono akamsaidia kukaa kwenye ukingo wa ndiva, maana hakuna aliyetarajia wazee wale wazoe tope. Mimi nilikuwa chini, tope likiwa magotini, nikifanya kazi ya nyumba yetu yote. Niliwaona wakisogeleana. Niliona hedfoni za rubani zikitolewa ndani ya koti, kikombe kimoja sikioni kwa Babu, kingine kwa Mzee Sifael, na kile kipande cha sabuni katikati yao juu ya nyasi, kimechomekwa kwenye simu yangu yenye ile rekodi. Maji yalianza kuingia kutoka mferejini, membamba, yakitafuta mahali pa kulala.

"Kimya kizuri," Mzee Sifael alisema. "Mara kuku. Mara… Zebedayo! Nani huyu anakoroma hivi?"

Babu alinitazama kule chini nilikokuwa, kwa upendo mkubwa.

"Yudith," alijibu. "Shule hawawapi muda wa kulala."